Hidetoshi Nakata: Mjapani aliyeitikisa Italia, akatundika daluga akiwa na miaka 29

Hidetoshi Nakata ni kiungo mstaafu wa Japani, na kwa wengi ndiye mchezaji aliyeifungulia Asia mlango wa ligi kubwa za Ulaya. Alicheza Italia kwa miaka saba, akatwaa ubingwa wa Serie A akiwa na Roma na kucheza fainali tatu za Kombe la Dunia. Kisha akaacha. Hakuwa ameumia wala hakukosa timu, na alikuwa na miaka 29 tu.

Safari yake ilianza na swali lililomfuata kila alikokwenda: huyu amesajiliwa kucheza mpira, au kuuza fulana?

Nakata kwa ufupi

- Jina kamili: Hidetoshi Nakata
- Kuzaliwa: 22 Januari 1977, Kofu, mkoa wa Yamanashi, Japani
- Nafasi: kiungo mshambuliaji
- Klabu: Bellmare Hiratsuka, Perugia, Roma, Parma, Bologna (mkopo), Fiorentina, Bolton Wanderers (mkopo)
- Serie A: mechi 182, magoli 24
- Timu ya taifa: mechi 77, magoli 11
- Mataji makubwa: ubingwa wa Italia 2001 (Roma), Kombe la Italia 2002 (Parma)
- Mchezaji Bora wa Asia: 1997 na 1998
- Kustaafu: 3 Julai 2006

Alikulia kwenye soka la shule

Nakata alipokuwa mtoto, Japani ilikuwa nchi ya besiboli. Ligi ya soka ya kulipwa haikuwepo. Kijana mwenye kipaji alionekana kupitia mashindano ya shule za sekondari, na Nakata alisoma na kucheza katika sekondari ya Nirasaki, mkoani kwao Yamanashi.

Ligi ya kulipwa, J.League, ilianza mwaka 1993 akiwa na miaka 16. Klabu zilimwaga fedha kuwaleta mastaa waliokuwa wakielekea ukingoni, kama Zico wa Brazil na Gary Lineker wa England. Viwanja vikajaa. Ghafla kijana wa Kijapani aliweza kuota kuishi kwa mpira bila kuonekana amechanganyikiwa.

Mwaka 1995 Nakata alijiunga na Bellmare Hiratsuka. Hakuwa winga wa chenga nyingi wala straika wa kufumania nyavu kila wiki. Alikuwa na mwili mgumu, asiyeangushwa kirahisi, na macho ya kuona pasi kabla wenzake hawajaiona. Mwaka huohuo wa kwanza Bellmare ilitwaa Kombe la Washindi la Asia. Alicheza mechi 85 za ligi Japani na kufunga magoli 16.

Nigeria ilimzuia mara mbili

Mashabiki wa Afrika wana sababu ya kulikumbuka jina lake mapema. Mwaka 1993 Japani iliandaa Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17. Nakata alikuwemo kikosini, na wenyeji wakatolewa robo fainali na Nigeria, ambao baadaye wakawa mabingwa.

Miaka mitatu baadaye, kwenye Olimpiki ya Atlanta 1996, Japani ilifanya maajabu. Tarehe 21 Julai mjini Miami iliichapa Brazil 1-0 kwa goli la Teruyoshi Ito. Brazil ile ilikuwa na Ronaldo, Rivaldo, Bebeto na Roberto Carlos.

Mechi iliyofuata ilikuwa dhidi ya Nigeria tena, na Japani ikalala 2-0. Ilishinda mechi ya tatu dhidi ya Hungaria, lakini ikatoka kwenye kundi kwa tofauti ya magoli, ingawa ilikuwa na pointi sita sawa na Brazil na Nigeria. Nigeria ikaenda kubeba medali ya dhahabu.

Usiku wa Johor Bahru

Nakata aliitwa timu ya wakubwa mwaka 1997. Wakati huo Japani ilikuwa na kidonda. Oktoba 1993, mjini Doha, ilikuwa imebakiza sekunde chache kufuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Iraki wakasawazisha dakika za nyongeza, ikawa 2-2, na ndoto ikafa.

Tarehe 16 Novemba 1997 Japani ilikutana na Iran mjini Johor Bahru, Malaysia, katika mechi moja ya kuamua nani aende Ufaransa 1998. Nakata alikuwa na miaka 20 tu, na mchezo mzima ulipita miguuni kwake.

Pasi yake ilizaa goli la kwanza la Masashi Nakayama. Iran wakarudi kwa kasi na kuongoza 2-1 kupitia Khodadad Azizi na Ali Daei. Nakata akamimina krosi, Shoji Jo akapiga kichwa, ikawa 2-2. Katika muda wa nyongeza, chini ya sheria ya goli la dhahabu, Nakata alipiga shuti, kipa akalitema, na Masayuki Okano akamalizia dakika ya 118.

Japani ilikuwa imefuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza katika historia yake. Magoli matatu, na yote yalianzia kwa mtu mmoja. Mwaka huo alichaguliwa Mchezaji Bora wa Asia.

Kule Ufaransa Japani ilipoteza mechi zote tatu: 1-0 kwa Argentina, 1-0 kwa Kroatia na 2-1 kwa Jamaika. Lakini kijana mwenye nywele alizozipaka rangi ya dhahabu alikuwa ameonekana. Wachezaji wote 22 wa kikosi kile walikuwa wanacheza ndani ya Japani. Baada ya mashindano, mmoja akaondoka.

Perugia: mchezaji, au biashara ya fulana?

Serie A ya mwaka 1998 ilikuwa ligi ngumu kuliko zote duniani. Zidane alikuwa Juventus, Ronaldo alikuwa Inter, Batistuta alikuwa Fiorentina. Perugia, timu ndogo iliyokuwa imetoka kupanda daraja chini ya rais wake Luciano Gaucci, ikatangaza kumsajili Mjapani.

Wengi walitabasamu kwa dharau. Kabla yake, Yasuhiko Okudera alikuwa amefanikiwa Ujerumani akiwa na 1. FC Köln miaka ya 1970, lakini hiyo ilishasahaulika. Waitaliano walimkumbuka zaidi Kazuyoshi Miura, aliyecheza Genoa msimu wa 1994/95 na kuondoka na goli moja la ligi. Dhana ikawa kwamba Mjapani analetwa ili kampuni za kwao zitoe udhamini na watalii wanunue jezi.

Ni kweli biashara ilikuwepo. Waandishi wa Kijapani walijaa mjini, mashabiki walisafiri kutoka Tokyo, na fulana zenye jina lake zilitoka kwa wingi.

Jibu la Nakata lilikuja 13 Septemba 1998, siku yake ya kwanza kwenye ligi. Mgeni alikuwa Juventus, bingwa mtetezi. Hadi mapumziko Juventus ilikuwa mbele 3-0. Kipindi cha pili Nakata akafunga mawili ndani ya dakika chache. Perugia ililala 4-3, lakini kesho yake hakuna aliyezungumzia fulana.

Alimaliza msimu ule na magoli 10 ya ligi akiwa kiungo, na Perugia ikabaki daraja la kwanza. Asia ikamchagua tena Mchezaji Bora wa mwaka 1998. Alijifunza Kiitaliano haraka na kukitumia mbele ya kamera.

Roma: dakika 30 zilizobeba ubingwa

Januari 2000 Roma ya kocha Fabio Capello ikamchukua. Ilikuwa hatua kubwa, ila yenye mtego: nafasi anayoipenda ilikuwa ya Francesco Totti, kipenzi cha jiji zima. Nakata akaanza kusugua benchi.

Kulikuwa na kikwazo kingine. Kanuni za Italia ziliweka kikomo kwa idadi ya wachezaji wasio wa Umoja wa Ulaya wanaoweza kutumika kwenye mechi moja. Roma ilikuwa na Wabrazil na Waargentina kadhaa, kwa hiyo wiki nyingine Nakata alibaki jukwaani hata kama yuko fiti.

Mwanzoni mwa Mei 2001, ligi ikiwa lala salama, kikomo hicho kiliondolewa. Siku chache baadaye, 6 Mei, Roma ilisafiri hadi Turin kuivaa Juventus, waliokuwa nyuma yao kwenye msimamo.

Juventus ilifunga mara mbili mapema, Del Piero na Zidane. Mnamo dakika ya 60 Capello akafanya uamuzi uliowashtua wengi: akamtoa Totti, akamwingiza Nakata.

Dakika ya 79 Nakata aliupokea mpira katikati, akasogea hatua chache na kuachia shuti la mbali lililotinga kona ya juu. Ikawa 2-1. Dakika za majeruhi akapiga tena, kipa Edwin van der Sar akautema, na Vincenzo Montella akausukumia wavuni. Matokeo yakawa 2-2.

Hesabu inaonyesha uzito wa siku ile. Msimu uliisha Roma ikiwa na pointi 75 na Juventus 73. Kama Roma ingepoteza Turin na mechi nyingine zote zikabaki vilevile, Juventus ingefikisha 75 na Roma 74. Ubingwa ungebadilisha mji.

Nakata alicheza mechi 30 tu za ligi akiwa Roma. Mashabiki wa klabu hiyo bado wanalitaja jina lake kwa sababu ya nusu saa ile.

Aliondoka kabla ya fainali

Mwezi uliofuata alikabiliwa na uamuzi mgumu. Japani, chini ya kocha Mfaransa Philippe Troussier, aliyewahi kufundisha Nigeria, Burkina Faso na Afrika Kusini, ilikuwa inaandaa Kombe la Mabara. Nakata alifunga kwa mpira wa adhabu kwenye mvua kubwa mjini Yokohama, na Japani ikaitoa Australia 1-0 kwenye nusu fainali.

Fainali ilikuwa dhidi ya Ufaransa, nyumbani, mbele ya mashabiki wake. Nakata hakucheza. Alipanda ndege kurudi Italia, kwani Roma ilikuwa inahitaji pointi zake za mwisho. Japani ikafungwa 1-0. Tarehe 17 Juni Roma iliifunga Parma 3-1 na kutangazwa bingwa, na Nakata akawa Mjapani wa kwanza kutwaa ubingwa wa Serie A.

Kuna jambo lingine la ajabu kwenye rekodi yake ya taifa. Japani ilitwaa Kombe la Asia mwaka 2000 na tena 2004, na mara zote mbili Nakata hakuwemo kikosini. Staa mkubwa wa Asia wa zama zake hana medali ya ubingwa wa Asia wa mataifa.

Olimpiki nayo ilimuumiza kwa mara ya pili. Sydney 2000, robo fainali dhidi ya Marekani iliamuliwa kwa penalti. Mkwaju wa Nakata uligonga mwamba, na Japani ikatoka.

Parma na Kombe la Dunia la nyumbani

Kiangazi cha 2001 Parma ilimnunua kwa zaidi ya lira bilioni 50, fedha ambazo hazikuwahi kulipwa kwa Mjapani yeyote kabla yake. Parma ilikuwa imewauza Buffon na Thuram kwa Juventus, na ikampa Nakata jezi namba 10.

Mzigo ulikuwa mzito. Ligi ilienda vibaya, magoli yalikuwa machache. Ila kwenye fainali ya kwanza ya Kombe la Italia 2002, Turin, Nakata alifunga dakika za mwisho na kupunguza kipigo kuwa 2-1. Nyumbani Parma ilishinda 1-0 na kutwaa kombe kwa faida ya goli la ugenini, yaani goli la Nakata.

Wiki chache baadaye Japani na Korea Kusini ziliandaa Kombe la Dunia. Japani ilitoka sare 2-2 na Ubelgiji, ikaifunga Urusi 1-0, kisha ikakutana na Tunisia mjini Osaka. Nakata alifunga kwa kichwa goli la pili katika ushindi wa 2-0. Japani iliongoza kundi na kuingia mtoano kwa mara ya kwanza, ikatolewa na Uturuki kwa 1-0.

Mkopo baada ya mkopo

Kuanzia hapo kasi ilipungua. Parma ilimpanga pembeni mara nyingi badala ya katikati anakopenda. Mwishoni mwa 2003 kampuni ya Parmalat, iliyokuwa mmiliki wa klabu, ilianguka kwa kashfa ya mahesabu, na klabu ikayumba.

Januari 2004 alienda Bologna kwa mkopo, akakutana tena na Carlo Mazzone, kocha aliyemfundisha Perugia. Mwaka huohuo Pelé alimtaja kwenye orodha ya FIFA ya wachezaji 125 bora waliokuwa hai, Mjapani pekee. Msimu wa 2004/05 alihamia Fiorentina, akasumbuliwa na majeraha ya nyonga, na hakufunga hata goli moja la ligi.

Msimu wa mwisho alikipiga England, Bolton Wanderers ya Sam Allardyce, tena kwa mkopo. Alicheza mechi 21 za ligi na kufunga moja, dhidi ya West Bromwich Albion, Oktoba 2005.

Dortmund, 22 Juni 2006

Japani ya kocha Zico, staa yuleyule aliyewahi kuipamba J.League, ilienda Ujerumani 2006 na matumaini makubwa. Mechi ya kwanza iliongoza dhidi ya Australia hadi dakika ya 84, kisha ikafungwa matatu ndani ya dakika nane. Ikatoka suluhu na Kroatia. Mechi ya mwisho ilikuwa Brazil, mjini Dortmund, na Japani ikalala 4-1.

Filimbi ilipolia, Nakata alilala chali katikati ya uwanja. Wenzake waliingia vyumbani, yeye akabaki pale dakika kadhaa, macho juu. Watu walidhani ni uchungu wa kutolewa.

Siku 11 baadaye, 3 Julai, alitoa ujumbe kwenye tovuti yake: amestaafu. Alieleza kuwa uamuzi huo aliufanya miezi kama sita kabla. Hakuitisha mkutano na waandishi wala hakuandaliwa mechi ya kumuaga. Wachezaji wa umri wake walikuwa bado wanasaka mkataba mkubwa wa mwisho.

Kwa nini aliacha mapema?

Miaka baadaye, akihojiwa na jarida moja la Italia, alieleza kwamba soka lilikuwa limegeuka biashara kubwa, na kwamba timu zilionekana kucheza kwa ajili ya fedha kuliko furaha. Kwake timu ilitakiwa kuwa kama familia, na hisia hiyo ilikuwa imekufa.

Hapo ndipo hadithi yake inapogusa. Biashara ya fulana na udhamini ndiyo iliyomrahisishia mlango wa Italia, na watu walimdhihaki kwa hilo. Aliwajibu kwa mpira mpaka wakanyamaza. Mwishowe yeye mwenyewe akaiona biashara ileile imelimeza soka, akafunga begi.

Maisha baada ya soka

Hakuwa kocha. Alisafiri nchi nyingi duniani, kisha akarudi na kuizunguka Japani, mkoa kwa mkoa, yote 47, akitembelea mafundi, wakulima na watengenezaji wa sake, pombe ya asili ya mchele. Safari hiyo ikawa kazi: mwaka 2015 alianzisha kampuni ya kuitangaza sake ya viwanda vidogo, ndani na nje ya nchi. Pia amekuwa sura ya kawaida kwenye maonyesho ya mitindo Ulaya.

Mlango aliouacha wazi

Mwaka 1998 Japani haikuwa na mchezaji hata mmoja wa nje kwenye kikosi cha Kombe la Dunia. Mwaka 2002 walikuwa wanne. Shinji Ono alitwaa Kombe la UEFA na Feyenoord mwaka huohuo. Shunsuke Nakamura akapita Reggina na kuwa kipenzi cha Celtic. Shinji Kagawa akawa bingwa wa Ujerumani na Borussia Dortmund, Yuto Nagatomo akacheza Inter kwa miaka, na Shinji Okazaki akawa bingwa wa England na Leicester City mwaka 2016.

Japani ilipoziangusha Ujerumani na Hispania, zote 2-1, kwenye Kombe la Dunia la 2022, sehemu kubwa ya kikosi ilikuwa inacheza Ulaya. Siku hizi klabu ya Ulaya ikimsajili Mjapani, watu huuliza anacheza nafasi gani. Swali la fulana limekwisha.